Mama Mkwe Juu ya Mnara

Ukitaka kujua kwamba watu wa Trans-Nzoia hawaamini matembezi, panda kilima chochote karibu na Kitale ukiwa huna jembe, huna mzigo na huna mifugo. Kila utakayekutana naye atakuuliza unaenda wapi. Mwambie unaenda kuangalia. Atakuuliza kuangalia nini. Mwambie unaenda kuangalia mbali. Hapo atakupima kutoka viatu mpaka kofia, kisha akuulize kwa huruma, "Alipotea lini?"

"Nani?"

"Si ng'ombe wako unayemtafuta."

Nilijaribu kueleza mara kadhaa, nikachoka, nikaanza kubeba kamba. Mtu mwenye kamba begani hasumbuliwi kwa maswali, anapewa habari. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia mahindi aliwahi kuniambia kwamba ng'ombe wangu amepita pale asubuhi, ni mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji la uso, na anachechemea mguu wa nyuma. Nilimshukuru sana. Mimi sina ng'ombe.

Matembezi yenyewe yaliletwa na mama mkwe wangu. Ni mjane, kwake ni chini ya Mlima Elgon, upande wa Kimilili, Bungoma, na sukari ilipompanda, mke wangu akamleta Kitale awe karibu na kliniki. Mke wangu ni muuguzi, na akishaamua jambo kuhusu afya ya mtu, mwenye afya yake haulizwi. Daktari alitoa masharti: vidonge asubuhi, chakula kwa wakati wake, na kutembea, hasa kupanda vilima. Sukari ikishuka na kutulia, mama arudi kwake. Isiposhuka, abaki Kitale.

Kwa mama mkwe, kubaki Kitale ilikuwa sawa na kufungwa. Alikaa kwa mdogo wake, mtaa wa pili kutoka kwetu, maana kwa desturi ya kwao Wabukusu mzazi halali nyumbani kwa binti yake aliyeolewa. Huyo mdogo wake ni mtu wa kuzima taa mapema na kuchemsha majani ya chai ya jana. Na huko nyumbani mama alikuwa ameacha shamba, kuku, na mstari wa mikaratusi aliyoipanda pamoja na marehemu mumewe. Alikuwa pia na shemeji ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, "hawezi ona mti umesimama bila kufikilia shoka." Ulimi wake ni wa Bungoma, r na l hupishana humo zinavyotaka. Kila alipomwona binti yake swali lilikuwa moja tu: "Naludi kwangu lini?"

Jioni moja mke wangu akaniambia, "Mimi niko zamu wiki nzima. Wewe ndiwe utamtembeza mama."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Hapa inabidi nieleze, kwa ajili ya waliooa bila masharti. Watu wangu walitoka Mkoa wa Kati wakahamia Trans-Nzoia kulima, na kwetu mama mkwe unamsalimia, unampelekea sukari na majani ya chai, mnaongea bei ya mahindi. Kwao Bungoma mama mkwe na mkwe wa kiume wanaheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono. Hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Hawatazamani usoni, hawasemezani ana kwa ana, na zaidi ya yote, hawaonani wakila. Miaka yote ya ndoa yangu mama mkwe nilimjua kama pindo la leso linalopotea kwenye kona ya nyumba. Nina duka la mbegu na mbolea mjini, na siku moja aliingia humo bila kujua kwamba ni langu. Aliponiona alijificha nyuma ya magunia ya mbolea na hakutoka. Ikabidi mimi, mwenye duka, nitoke nje nisimame juani mpaka mama wa watu aende zake.

Sasa huyu ndiye nimtembeze.

"Barabara ni ya serikali," mke wangu akasema. "Hakuna desturi inayokataza wakwe kutumia barabara moja. Na wewe pia hiyo tumbo haitalia ikitembea."

Suala likawa ni nani atangulie. Akitangulia mama, mimi nitakuwa ninamtazama mgongo na miguu kilima kizima, jambo lisilozungumzika. Nikitangulia mimi, nitajuaje kama ameanguka, na kugeuka nyuma siruhusiwi? Kikao kilifanyika, mke wangu akienda na kurudi kati ya jikoni aliko mama na sebuleni niliko mimi, kama balozi wa nchi mbili zilizogombana. Mwishowe ikaamuliwa nitangulie, na mama aje nyuma akiimba nyimbo za kanisani. Wimbo ukiendelea, mama yuko sawa. Wimbo ukikata, nisimame. Sitageuka.

Katikati yetu alitembea mbwa. Mbwa huyu ni wetu, ni mvivu, na ni mwizi wa mayai, lakini ndiye aliyekubalika na pande zote kuwa mjumbe. Mkwe hasemeshwi, ila mbwa anasemeshwa, na mimi kama nina masikio nitasikia.

"Mbwa," nilisikia nyuma yangu siku ya kwanza, "mwambie huyo mtu ati kama ni mashindano, ashindane peke yake. Atembee pore pore."

"Mbwa," nikajibu nikitazama mbele, "mwambie mama nimesikia."

Mbwa alikaa chini akajikuna.

Hivyo ndivyo tulivyotembea tangu mahindi yakiwa majani mawili ardhini. Tulipanda vilima vya upande wa Cherangani, ambako ukifika juu unaona Kitale yote imetandazwa na mabati yanawaka jua. Siku nyingine tulienda upande wa Endebess, mlima ukiwa umevaa wingu lake mpaka mabegani. Tukifika kileleni mimi nilikaa nyuma ya jiwe moja, mama nyuma ya jiwe jingine, kila mmoja akatazama uzuri wa nchi kwa upande wake. Kula pia tulikula hivyo hivyo, kila mtu na jiwe lake, mbwa akizunguka huku na huku akipewa na wote wawili. Kati yetu sisi watatu ni yeye aliyenenepa.

Nitasema ukweli: nilianza kupenda. Nilipenda kufika juu na kuona barabara niliyoizoea imekuwa uzi. Nilipenda ule wimbo nyuma yangu, ingawa mama alikuwa na tabia ya kurudia ubeti mmoja akisahau unaofuata. Nilijifunza kumjua bila kumwona. Akiimba haraka, amekasirika, mara nyingi kwa sababu ya mdogo wake. Akiimba kwa pua, anapanda. Kila Jumapili jioni mke wangu alinifunga mkononi kitambaa cha mashine ya kupima presha yangu, akasoma, akafyonya. Nikimuuliza sukari ya mama imefika wapi, alisema, "Bado kidogo." Nilimwonea huruma yule mama, maana alikuwa akitembea kuliko askari na bado haruhusiwi kwenda kwake.

Siku moja tukiwa kilimani mama alinyamaza katikati ya wimbo. Nikasimama palepale.

"Mbwa," akasema, "huko juu ya Kimilili, msituni, kuna mnara wa mbao. Wa kuangalia moto. Marehemu alikuwa ananiambia ukipanda hapo unaona kwetu yote, mpaka choo. Mimi nataka kuona miti yangu kama iko."

"Mbwa, mwambie mama kwamba tunaweza kwenda nyumbani kwake kabisa akaishike hiyo miti. Si mbali."

"Mbwa, mwambie huyo mtu nikikanyaga hapo siludi Kitale tena. Na bado kuna kazi Kitale."

Nilidhani kazi anayoisema ni sukari yake. Nikamwambia mbwa kwamba tutaenda.

Safari ilikuwa ya aibu kwa mtu yeyote mwenye hesabu. Mama hawezi kukaa ndani ya pikapu yangu, kwa hivyo alipanda matatu alfajiri, akalipa nauli, na mimi nikaendesha pikapu tupu nyuma yake mpaka Kimilili, nikila moshi wa gari lililombeba. Mbwa alikaa mbele, kwenye kiti cha mama mkwe, kichwa nje ya dirisha. Kutoka Kimilili tukapanda kwa miguu kama kawaida yetu: mimi, mbwa, wimbo.

Msituni tulimkuta mlinzi, mzee mchangamfu aliyekalia kigogo. Aliona kamba begani mwangu.

"Pole, bana," akasema. "Huku hajapita."

Nikamwambia tunataka tu kupanda mnara. Alinitazama mimi, akamtazama mama aliyekuwa amegeukia mti mbali kule nyuma, akamtazama na mbwa. "Ati nyinyi wote mko pamoja?"

"Ndiyo na hapana," nikasema.

"Sawa. Mnara ni mzima, tulibadilisha mbao juzi. Lakini mpande mmoja mmoja."

Masharti ya kupanda mmoja mmoja hayakutusumbua. Mnara ulisimama katikati ya uwanda uliofyekwa, nyasi fupi pande zote, bila jiwe, bila kichaka, na ngazi yake ilikwenda juu wima kama ya kupandia darini. Mama alikuwa amejiandaa. Chini ya gauni alivaa suruali ya michezo ya mmoja wa wajukuu, niliambiwa baadaye, ya buluu yenye mistari. Mimi niliagizwa kupitia mbwa nisimame pembezoni mwa msitu, nitazame Uganda, nisigeuke hata nikiitwa na malaika.

Nikatazama Uganda. Siku hiyo kulikuwa na ukungu, kwa hivyo nilitazama ilipo Uganda. Nyuma yangu nilisikia ngazi ikilia, na wimbo ukipanda kwa pua, ubeti wa kwanza, ubeti wa kwanza tena. Kisha sauti ikafika juu, ikafunguka. Nilisikia akicheka peke yake huko. Akaendelea kuimba, taratibu, halafu taratibu zaidi, halafu maneno yakaanza kugongana.

Halafu wimbo ukakata.

Nikasubiri. "Mbwa," nikasema, "mwulize mama kama ameiona miti." Mbwa alinitazama, akatazama mnara, akatikisa mkia. Kazi yake ilikuwa imeishia chini ya ngazi, mbwa hapandi ngazi.

"Mama?" nikaita. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kumwita bila kupitia kwa mtu au mnyama. Kimya. Nikageuka. Juu kule, kati ya mbao za ukingo, niliona mkono umening'inia.

Sikukumbuka desturi, sikukumbuka presha, sikukumbuka kwamba mlinzi alisema mmoja mmoja. Nilipanda ile ngazi na tumbo langu lote, tumbo likigonga kila kipago, nikihema na kumwomba Mungu asinichukue mimi kwanza, maana nani atamweleza mke wangu? Nilipotoa kichwa juu ya jukwaa nilimkuta mama ameketi ameegemea nguzo, jasho linamtiririka, midomo inatetemeka, macho yako wazi lakini hayanioni. Pembeni yake kulikuwa na kikapu, na ndani yake viazi vitamu vya kuchemsha vimefungwa kwenye jani la mgomba. Havijaguswa.

Nikaelewa yote mara moja, na hasira zikanipanda. Alimeza kidonge alfajiri. Angekula ndani ya gari, lakini pikapu yangu ilikuwa nyuma ya kioo njia nzima. Angekula njiani, lakini mkwe yuko mbele. Angekula kileleni, kama siku zote, lakini hapa hapakuwa na jiwe. Kulikuwa na jukwaa lililo wazi pande zote, na mkwe amesimama kule chini, na vipi kama angegeuka? Mama wa watu alikuwa ameheshimu mpaka sukari ikamwishia mwilini.

Nimeishi na muuguzi vya kutosha kujua la kufanya. Na kwa bahati, mfuko wa jaketi langu ulikuwa na soda, ambayo muuguzi huyo huyo alinikataza. Nikaifungua kwa meno. Nikamshika mama mkwe wangu kichwa, kwa mkono huu, nikamwekea chupa mdomoni.

"Kunywa, Mama."

Alifunga midomo. Hata katika hali ile, hajui yuko wapi, alijua ni nani hapaswi kumwona akinywa.

"Kunywa!" nikapiga kelele. Namna ile sijawahi kumpigia kelele hata mfanyakazi wa duka. "Kunywa, ama nikuambie nini? Nitafumba macho! Haya, nimefumba!"

Na kweli nikayafumba. Nikiwa juu ya mnara, nimemkumbatia mama mkwe kichwa, macho nimeyafumba kama mtoto anayecheza kibe, nilisikia akimeza. Akameza tena. Nilikuwa nikilia, na ninalisema bila aibu, maana nilikuwa nimeogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Niligundua hapo kwamba yule mama ninampenda, na kwamba sijui sura yake vizuri.

Chupa ilipoisha nikavunja kiazi, nikamwekea vipande mkononi, nikampa mgongo. Nikatazama nje kwa mara ya kwanza. Kimilili ilikuwa chini pale, na mashamba ya mahindi yenye mbelewele yakishuka mpaka Sirisia, na mabati madogo madogo, na moshi wa jikoni za watu. Nyuma yangu nilisikia kutafuna. Ilichukua muda. Kisha nikasikia sauti yake, nyembamba lakini yake.

"Iko."

"Nini, Mama?"

"Miti. Iko yote. Ona pale, nyuma ya ile mabati nyekundu." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nimemsingizia shemeji."

Simu yangu ikalia. Alikuwa mke wangu, akiuliza tumefika wapi. Nikamweleza kwa kifupi na kwa uongo kidogo, nikisema mama alipata kizunguzungu, amekunywa kitu, anakula. Akauliza amekunywa kitu gani. Nikasema kitu. Akauliza nani alimpa. Mama akanyoosha mkono, akaichukua simu kutoka mkononi mwangu, vidole vyake vikagusa vyangu, wala hakuvirudisha nyuma haraka.

"Niko salama," akamwambia. "Niko na mtoto wangu huku juu."

Nilimsikia mke wangu akipiga kelele kwamba mtoto gani, na ndugu zake wote wako Nairobi. Mama akakata simu.

Tukakaa. Upepo ulikuwa unautikisa mnara kidogo. Nilitaka kusema jambo la kumpa moyo, nikasema, "Usijali, Mama. Daktari akisikia sukari imeshuka hivi, atakufungulia. Utarudi kwako."

"Daktari alinifungulia zamani," akasema. "Kabla mahindi haijafika magotini."

Nikageuka. Sikuweza kujizuia, nikageuka na kumtazama, na yeye alikuwa ananitazama.

"Sukari ilishuka kitambo," akasema. "Lakini mke wako aliniambia ati presha yako imekataa kushuka. Ati kichwa inauma usiku, hutaki kusema, unakaa tu kwa hiyo duka na soda. Ati hauwezi tembea kama hakuna mtu wa kuheshimu nyuma yako. Akalia. Sasa ningeenda wapi?"

Nikakumbuka mashine ya kila Jumapili, na kule kufyonya, na "bado kidogo." Mama huyu alikuwa amelala miezi yote hiyo katika nyumba inayozimwa taa mapema, akinywa chai ya majani ya jana, na kuku wake wakilelewa na jirani, ili mimi nipande vilima. Na akanipandisha kwa kuniimbia, bila kuniangalia hata mara moja.

"Mama, rudi nyumbani," nikasema. "Rudi hata leo, kwako ni pale chini. Mimi nitatembea mwenyewe. Kila siku. Nakuapia."

Alinikazia macho jinsi mama anavyomkazia mtoto anayesema ameoga na magoti bado yana vumbi. Kisha akavunja kiazi kilichobaki, akanipa nusu kubwa, akasubiri mpaka nikakitia mdomoni.

"Uongo," akasema. "Nitaludi presha yako ikishuka."